Sahani Yenye Nguvu 640

Jumatatu, 14 Septemba 1998

Wateja hakuna. Kwa Bi Mbodze, ng'ambo ya njia, wamejaa mpaka wengine wanakula wamesimama. Anauza wali wa nazi, nyama ya ng'ombe na mchicha. Mimi nauza wali wa nazi, nyama ya ng'ombe na mchicha. Tofauti iko wapi? Mke wangu Teresa anasema tofauti ni kwamba Mbodze anajua kupika, na mimi nilikuwa nakata karoti tu kwenye hoteli ya watalii Diani, mpaka hoteli ikafungwa kwa kukosa wageni. Ndiye mke niliyepewa na Mungu.

Kisha akasema mwezi ukiisha na benchi bado ziko tupu, anachukua watoto na kurudi kwao Kitui. Hakupaza sauti. Teresa akipaza sauti hakuna hatari. Akisema polepole ndiyo balaa. Begi la safari ameshaliteremsha kutoka juu ya kabati.

Nimekaa nikawaza mpaka chai ikapoa. Nimepata! Watu wa hapa Ukunda wanakula bila kujua wanakula nini. Kule hotelini kulikuwa na mzee mmoja Mjerumani, kila sahani lazima aulize ina mafuta kiasi gani, ina protini kiasi gani. Mzee kabisa, na alikuwa akiogelea kuwashinda vijana. Basi mimi nitauza lishe.

Jumanne, 15 Septemba

Nimepata ubao mweusi na chaki. Nimeandika hivi: NYAMA: PROTINI, HUJENGA MWILI. CHUMA, HUONGEZA DAMU. WALI: WANGA, HUTIA NGUVU. MCHICHA NA KAROTI: VITAMINI, MACHO NA NGOZI. JUMLA YA SAHANI: NGUVU 640.

Mengine niliyasoma ukutani pale tunapopeleka watoto chanjo. Hiyo 640 imetoka kichwani mwangu. 600 ilionekana ya kubahatisha, 700 ya kujigamba.

Nazi nimeiondoa, ni mafuta matupu. Kitunguu cha kukaanga nacho nimekiondoa. Chumvi kidogo sana. Wali mweupe, nyama ya kuchemsha, mboga nimeichovya tu kwenye maji moto ili vitamini zisikimbie. Teresa akaonja. Akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Alhamisi, 17 Septemba

Mteja! Charo, fundi mwashi. Akausoma ubao wote, akauliza hiyo 640 ni ya nini. Nikamwambia ni ya nguvu. Akaridhika, akakaa.

Hajameza tonge la tatu, akapita mama mmoja, akasimama, akampa pole. Charo akashukuru bila kuelewa. Akapita mwingine, akampa pole na kumwuliza ni tumbo au ni malaria. Wa mwisho alikuwa msimamizi wake wa kazi. Akamwambia angemwarifu mapema kwamba hajisikii vizuri, basi leo aende nyumbani akalale, ukuta atapewa mtu mwingine. Charo akasukuma sahani. Nyama imebaki! Nyama yenye chuma!

"Kaka," akaniambia, "chakula cha mgonjwa humwuzii mtu mzima njiani."

Nikavuka kwenda kwa Mbodze, nikijifanya nimefuata kiberiti. Akacheka mpaka akatafuta kigoda. Akanieleza kwamba kwao wali usio na nazi, nyama ya kuchemsha na mboga isiyokaangwa ni vya mtu aliye kitandani. Mzima akionekana anavila, kila apitaye atampa pole. Ndiyo adabu. Miaka yote niliyokaa Pwani nilikula hotelini. Ningejuaje?

Ijumaa, 18 Septemba

Hakuna hata mmoja. Wanapita upande wa pili wa njia wasije wakadhaniwa wanaumwa. Nimekula sahani mbili mwenyewe, jumla nguvu 1,280, na sijawahi kujisikia mnyonge hivi.

Jioni akaja dada mmoja, Rai, na bakuli lenye kifuniko. Mama yake amelazwa Msambweni na kila anachopelekewa anakirudisha. Ameambiwa mimi nina wali mwepesi. Nikamjazia. Alinishukuru sana hata nikaona haya.

Jumatatu, 21 Septemba

Mama yake Rai amekula na kimekaa! Habari zimeenea. Leo kulikuwa na foleni kwangu, kila mtu na bakuli lake. Mbodze mwenyewe ndiye anayewaelekeza, anasema wazima ni wake, wagonjwa ni wangu. Teresa alikuwa akiimba wimbo wa kanisani huku akichambua mchele. Begi limerudi juu ya kabati.

Ningepaswa kufurahi. Lakini hakuna anayekaa kwenye benchi. Hakuna anayesoma ubao. Na jina nimepata: Mpishi wa Wagonjwa. Watoto wa shule siku hizi wakipita wananisalimia kwa kukohoa.

Jumatano, 23 Septemba

Mbodze ameniombea dua mbele za watu. Wagonjwa wote wapone, amesema, ila wasipone wote kwa siku moja. Watu wakaitikia amina. Nilitamani ardhi inimeze.

Imetosha. Nimefikiri kitaalamu. Ikiwa mzima anahitaji 640, mgonjwa, aliyeishiwa nguvu, anahitaji ngapi? Si chini ya 900! Nimekuwa nikiwapunja. Teresa alipokwenda kununua makaa, nikatia tui zito kwenye wali, nikaikaanga nyama kwa mafuta ya kutosha, nikaongeza pilipili kuamsha hamu ya kula. Nikafunika mabakuli vizuri. Ubaoni nikafuta 640, nikaandika 910.

Alhamisi, 24 Septemba

Ee Mungu wangu.

Mama yake Rai ametapika usiku kucha. Mzee mwenye vidonda vya tumbo amelia kama mtoto. Muuguzi amekataza bakuli lolote kutoka kwangu lisivuke mlango wa wodi.

Rai hakugomba. Aliweka bakuli mezani, limejaa vilevile. "Kaka Cornelius, mama alikuwa ameshaanza kula," akasema. Nikamweleza kuhusu 910. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda zake. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Teresa alikuwa amesimama nyuma yangu na gunia la makaa. Nilitegemea atapiga kelele. Nilimwomba Mungu apige kelele.

"Kilichokuwa kinatulisha ndicho ulichokionea aibu," akasema. Polepole.

Usiku nimesikia begi likiteremshwa.

Ijumaa, 25 Septemba

Leo asubuhi nimewasindikiza mpaka kituoni. Eddah, binti yetu mkubwa, aliuliza kama nitawafuata. Nikasema ndiyo. Teresa akatazama dirishani.

Nimerudi nikakuta sufuria imefunikwa kwa kitambaa. Alinipikia kabla ya kuondoka. Wali mweupe, nyama ya kuchemsha, mchicha. Nimekaa kwenye benchi langu, mbele za watu wote, nikala. Nyama ilikuwa laini. Nililia na kula pamoja.

Mbodze akavuka njia. Aliacha wateja wake, akaja kusimama mbele yangu, mikono kifuani.

"Pole, Baba Eddah. Umeanza lini?"

"Asubuhi, gari lilipoondoka."

Hakucheka. Akakaa kando yangu. Mama yake Rai amepata nafuu, akaniambia, anakunywa uji. Akanishauri kwanza niende kwa Rai nikaombe radhi. Kisha niende Kitui nikamwombe Teresa. Nikirudi nipike wali uleule mweupe, nisiongeze kitu, na yeye atanisemea kwa watu. Maneno ya busara. Niliitikia kila moja kwa heshima.

Lakini huku anazungumza, nilikuwa nautazama ubao kutoka pale tulipokaa. Hausomeki! Kwenye benchi penyewe hausomeki, sembuse barabarani. Kumbe ndilo kosa lenyewe. Herufi zilikuwa ndogo.

Kesho natafuta rangi nyekundu. Na 910 inasikika ya kinyonge. Nitaandika 1,200. Teresa akisikia atarudi mwenyewe.