Chui Milia wa Maji ya Wali

Jumatatu, 6 Mei

Siku ya kumi na nane ya majaribio ya kazi hapa hifadhini. Sijawaonyesha wageni chui milia hata mmoja. Nashukuru miungu yote.

Hilo naliandika hapa tu. Likisikika getini nimekwisha. Kijana wa kutembeza wageni, halafu anaogopa chui milia! Kijijini kwetu hatumtaji jina, tunamwita Mzee. Wengine wanamwita hivyo porini tu. Mimi hata nikiwa chooni.

Leo Madamu Netam, afisa wetu, katuita. Kasema Jumapili anatoa beji moja. Ama mimi ama mwenzangu Tulsiram. Mwenye beji atakaa kwenye gari na wageni. Asiyepata anaingia doria ya miguu. Anapewa fimbo na chupa ya maji, anaonyeshwa pori.

Fimbo!

Nilikuwa na miaka kumi na moja Mzee alipomchukua nyati wetu wa maziwa. Kamba nilikuwa nimeishika mimi. Nyumbani nilirudi na kamba.

Tulsiram ana miwani ya jua na mwezi huu kashawaonyesha wageni Mzee mara tatu. Kanipiga begani. Kasema, dogo, tafuta viatu vizuri, pori lina miiba. Jibu zuri nililipata nikiwa nyumbani, nakula.

Jumanne, 7 Mei

Nimekaa garini nikawatazama wageni. Nimegundua kitu. Si lazima wamwone Mzee. Wakiambiwa kapita hapa sasa hivi, wanashikana mikono, wanapiga picha vumbi.

Basi nitawapa vumbi.

Pale Bwawa Kavu, karibu na geti, Mzee hajakanyaga miaka minne. Wote wanajua. Nikiweka nyayo pale, wageni watafurahi, beji nitapata, na Mzee mwenyewe atabaki huko mbali milimani kwake. Kila mtu salama!

Dirishani kwa Madamu kuna unyayo wa Mzee, wa plasta, wa kufundishia. Nimeupima kwa kiganja wakati anasaini karatasi. Jioni nikachonga wa mti. Dada Sumitra kaniuliza natengeneza nini. Nikasema mwiko. Kasema hajawahi kuona mwiko wenye vidole.

Jumatano, 8 Mei

Jumatano mchana hifadhi inafungwa. Ghasiya, mlinzi wa geti, alikuwa kalala kwenye kitanda chake cha kamba, mdomo wazi. Nikapita kwa ncha za vidole.

Hatua mia tatu mpaka Bwawa Kavu. Nilizihesabu zote. Jua kali, majani makavu, kila jani likianguka nageuka nyuma. Nilikimbia mara mbili. Mara zote alikuwa tausi. Yuleyule.

Nimepiga nyayo arobaini. Safi! Nilipogeuka kuzitazama niliogopa mwenyewe, nikarudi mbio.

Alhamisi, 9 Mei

Wageni wangu ni mwalimu mstaafu Gokhale na mkewe, wametoka mji wa Pune, wapo mpaka Jumamosi. Dereva ni mjomba Bhola, mtu wa kutafuna tumbaku na kunyamaza.

Bwawa Kavu nikapiga kelele, simamisha! Mama Gokhale alipoziona nyayo akamshika mumewe shingo. Raha iliyoje! Halafu gari la Tulsiram likaja nyuma yetu. Hakushuka, aliinama tu garini, akavua miwani. Akauliza kwa sauti kubwa, wageni wote wasikie, huyu Mzee miguu mingine kaiacha nyumbani? Mbona nyayo zote arobaini ni za mguu wa mbele wa kushoto? Anaruka kwa mguu mmoja kama watoto wanavyocheza?

Jasho! Nikasema miguu mingine ilikanyaga majani. Mjomba Bhola alitema tumbaku, akaniangalia, akawasha gari.

Mama Gokhale alinitetea. Kasema mwanangu, usimjali huyo, miwani imemharibu. Lakini akauliza, tutajuaje ni mpya? Nikamwambia ukweli kabisa: Mzee hukojolea miti kuonyesha hapa ni pake, na mkojo huo unanukia kama wali wa mchele wa harufu. Akanusa mti. Hakuna. Akanuna kidogo.

Dada ana mchele wa harufu, kawawekea wakwe zake. Mchana nikapika vikombe viwili, nikala wali ili nisiache ushahidi, maji yake nikatia kwenye chupa. Ghasiya kalala. Hatua mia tatu. Nikamwagia mti mzima.

Ijumaa, 10 Mei

Ushindi! Asubuhi Mama Gokhale alinusa, akafumba macho, akasema ni kama harusi ya mpwa wake. Mwalimu akanusa. Wote wakashikwa na njaa, wakafungua chapati palepale. Getini wakanisifu kwa Madamu. Madamu akanyanyua nyusi, akasema Bwawa Kavu? Kweli? Nikasema ndiyo Madamu. Beji naiona!

Mchana nikarudi kuongeza maji na nyayo.

Naandika mlango nimeufunga kwa komeo.

Juu ya nyayo zangu kulikuwa na nyayo. Kubwa. Sahani ya wali haizifuniki. Kushoto, kulia, mbele, nyuma, miguu yote minne ipo. Kila nilipopiga mhuri wangu, kakanyaga katikati. Wangu umefutika. Kwenye mti, juu kuliko kichwa changu, kuna mchirizi bado mbichi. Nikanusa. Wali. Tena umepikwa vizuri kuliko wangu.

Kaja kuangalia ni nani huyu mgeni anayekojolea miti yake. Huyo mgeni ni mimi!

Kima wa uso mweusi wakaanza kukohoa juu ya miti. Hao hawakohoi kwa mafua, wanakohoa wakimwona Mzee. Sikuhesabu hatua. Niliposhtuka nilikuwa kitandani kwa Ghasiya, juu ya Ghasiya. Akauliza nini? Nikasema jua kali.

Mguu wangu wa mti nimeuacha kulekule.

Jumamosi, 11 Mei

Sijalala. Alfajiri nikamwambia mjomba Bhola leo twende upande wa mianzi, mbali, kuna ndege wazuri. Mama Gokhale akasema ndege anao Pune. Anataka kwenye wali. Ni siku yao ya mwisho. Mjomba Bhola akageuza usukani kuelekea Bwawa Kavu, na naapa alikuwa anacheka.

Tulsiram naye akatufuata na gari lake limejaa.

Alikuwa kalala katikati ya njia. Mzee. Kichwa kama pipa. Hatua kumi kutoka kwenye gari, na gari lenyewe halina paa wala milango! Nilijikuta nimeshika kitu kwa nguvu, ilikuwa kamba ya kamera ya Mwalimu. Nikakumbuka ile kamba nyingine.

Alikuwa anatafuna. Taratibu, macho kayafumba, kama babu anatafuna muwa. Ka! Ka! Ka! Nikaangalia vizuri. Ulikuwa mguu wangu.

Tulsiram akauliza kwa kunong'ona, kinatafunwa nini pale? Sauti ikanitoka yenyewe. Nikasema mzizi. Wanautafuna kusafisha meno. Watu kumi wakaandika.

Mzee akamaliza, akatema kidole kimoja cha mti, akainuka. Akatembea kuja kwetu. Akapita upande wangu. Upande wangu! Akasimama, akanusa shati langu. Ndilo nililovaa nikipika. Akanitazama kama mtu anayejitahidi kukumbuka jina lako. Halafu akaenda zake.

Mama Gokhale alilia kwa furaha. Mimi pia nililia. Akasema mwanangu una moyo mzuri.

Jumapili, 12 Mei

Madamu alikuwa na picha kwenye simu yake, Mwalimu alimtumia kabla ya kuondoka. Ile ya kutafuna. Akaitazama muda mrefu. Akaikuza kwa vidole viwili, akaikuza tena. Nadhani alipendezwa na meno. Halafu akageuka akautazama ule unyayo wa plasta dirishani. Halafu akanitazama mimi. Akaniuliza kwetu tunapika mchele gani. Nikamwambia. Mama mwema sana, anajali watu wake.

Kisha akasema mbele ya wote: miaka minne hakuna aliyeweza kumrudisha Mzee Bwawa Kavu, huyu kijana kamrudisha kwa siku tatu. Mtu kama huyu kumweka garini ni kumharibu. Tulsiram achukue beji. Phagnu, yaani mimi, kuanzia kesho aingie doria ya miguu. Peke yake. Bwawa Kavu.

Akanikabidhi fimbo.

Tulsiram alinipa pole, akaniuliza kuhusu viatu. Mjomba Bhola alicheka mpaka akameza tumbaku.

Nimekaa chumbani nafikiri. Nimeshaona kosa langu lilipokuwa. Mguu mmoja! Mtu anachonga mguu mmoja, ataaminiwaje? Safari hii nachonga yote minne. Nitapiga nyayo kuzunguka ofisi ya Madamu, nitamwagia maji ya wali kwenye nguzo zake. Ataogopa, atataka mlinzi wa ndani, mwenye mlango na komeo. Atamchagua nani? Mimi, mtaalamu. Kazi rahisi! Mchele uliobaki nimeuficha chini ya kitanda.

Dada ananipigia kelele nje sasa hivi. We Phagnu, mwizi mkubwa! Ananisingizia eti nimemwaga maji ya wali ukutani nyuma ya nyumba, kunanukia mpaka kwa jirani, na mbwa wamekimbilia kusikojulikana.

Uonevu mtupu. Leo mimi hata moto sijawasha.

Ngoja nitoke nikanuse.