Mzee wa Gemu Asiyemaliza Salamu

Alhamisi, 20 Machi 2025

Bi Mwanahalima, mwenye fremu ninayoendeshea banda langu la gemu hapa Kibiti, kaja na neno baada ya futari. Eti Ebenezer, fundi simu wa ng'ambo ya barabara, anaitaka fremu hii, yake inavuja. Eti siku ya Idd bibi mwenyewe atapita kutazama, na mwenye watu wengi ndiye atakayekaa humu. Mimi! Niliyeanza na televisheni ya mgongo na pedi yenye kitufe kibovu!

Ebenezer, pamoja na simu, anachezesha gemu la mpira, picha safi mpaka jasho la mchezaji unaliona. Mimi nina akili. Nimemwita Belinda, binti wa mwalimu, yuko likizo kutoka chuo Dodoma anakosomea kompyuta. Nataka gemu la kwetu: shujaa apande mtumbwi pale Ndundu, ashuke mto mpaka baharini kutafuta hazina. Kasema miezi mitatu. Nikasema Idd. Akasema kaka Mudathiri, hata wiki mbili hazifiki. Nikamwambia nyumba yangu ya kwanza niliijenga kwa siku nane. Akauliza iko wapi. Mvua iliichukua, lakini hilo halihusiani.

Jumanne, 25 Machi

Nasimamia kazi mwenyewe. Nimeagiza shujaa akimkuta mzee ukingoni ampe shikamoo, la sivyo mtumbwi hauendi. Wazazi wakisikia gemu linafundisha adabu, hakuna atakayekuja kumvuta mtoto sikio bandani kwangu. Belinda kasema salamu ni kazi kubwa kuliko mamba. Mzee lazima aulize, ajibiwe, aulize tena. Nikamwambia aweke, atamalizia akipata nafasi. Nafasi sikumpa.

Jumamosi, 29 Machi

Tumelijaribu. Uzuri kwanza: maji! Yanang'aa, yanazunguka mizizi ya mikoko, na sauti yake Belinda aliirekodi kule Nyamisati kwa simu. Vijito vyote viko mahali pake. Nilitaka kulia.

Upungufu: kiboko anaelea juu ya miti kama puto. Mamba kazama mchangani, mkia juu. Na mzee! Ukimwamkia anaitika marahaba, anauliza nyumbani, watoto, mpunga, mafuriko, halafu anarudi kuuliza nyumbani tena. Hana mwisho. Unachagua "nzuri" au "mbaya kidogo," yeye anaendelea. Belinda kakiri kwamba hata ukimpita, mbele ni weupe mtupu. Bahari haijatengenezwa, wala hazina.

Nimepiga hesabu: gemu limekamilika asilimia sitini na nne. Wali wa asilimia sitini nimeshakula, na nikaomba kuongezwa.

Jumatatu, 31 Machi. Idd!

Asubuhi watoto walijaa, kanzu mpya zinanukia duka. Wakacheza. Wakakwama kwa mzee. Mmoja kaniuliza kwa sauti kama babu huyu kalipwa kutuchelewesha. Wakahamia kwa Ebenezer wote, na Ebenezer akanipungia mkono kwa tabasamu la meno thelathini na mawili. Nimekwisha, nikajua.

Ndipo akaja Bi Mwanahalima. Kaona banda tupu, kaguna. Akauliza huyo mzee kwenye kioo ni nani. Kwa aibu nikampa pedi. Mzee akamuuliza habari za nyumbani. Bi Mwanahalima akafikiri, akabonyeza "mbaya kidogo." Mzee: "Pole sana. Ehee? Na watoto?" Basi! Kaketi mpaka adhana ya alasiri. Kasema wanawe walioko Dar wanauliza mara moja na kukata simu. Akawaita majirani. Kufikia jioni nina wazee ishirini na mmoja, wengine wamekuja na viti vyao. Kanipa mkono: fremu ni yangu.

Nilijua tangu mwanzo.

Usiku nimepiga hesabu. Kila mzee anakaa karibu saa nzima. Salamu zikifupishwa, kwa saa hiyo hiyo wanapita watu arobaini! Nimempigia Belinda amtengeneze yule mzee kabla ya asubuhi. Kasema kaka, huyo mzee ndiye gemu. Nikamwambia afanye alivyoagizwa.

Jumanne, 1 Aprili

Bi Mwanahalima kaja na mashoga zake wawili, khanga za sare, manukato mpaka barabarani. Kawaambia kaeni muone mtu mwenye utu. Akashika pedi, akatoa shikamoo.

Mzee: "Marahaba. Haya, pita."

Shoga mmoja akauliza ndiye huyu? Wa pili akakohoa kicheko. Bi Mwanahalima akanigeukia, akaniuliza nimemfanya nini mzee wa watu. Nikaanza kumweleza habari ya watu arobaini kwa saa. Sikufika hata kwenye kugawanya. Amesema mwanangu, kusanya vyombo vyako.

Jumamosi, 5 Aprili

Fremu kapewa Ebenezer. Belinda alikuwa amemhifadhi mzee wa mwanzo, na Ebenezer kampa miezi mitatu amalize bahari kwa raha zake. Nimeenda, kupeleleza tu. Foleni ya vikongwe mpaka mlangoni! Zamu yangu ilipofika mzee akaniuliza habari za nyumbani. Nikabonyeza "mbaya kidogo." Akanipa pole. Nikabonyeza tena. Nilibonyeza mpaka bibi wa nyuma akanigusa bega, akasema baba, na sisi tuna shida zetu.

Njiani nikalitambua kosa: Belinda alikuwa mzito. Nimepata fundi mwingine, wa Umwe. Gemu jipya ni la harusi kule Mkongo, bibi harusi kapotea, atafutwe kijiji kizima. Fundi kasema siku nne. Nimempa tatu. Ananung'unika kwamba bibi harusi hatakuwa na uso. Nimemwambia atavaa shela.