Jua Liondolewe Bustanini Mwangu

Kwa Mheshimiwa Bibi Northcott,
Mwenyekiti wa Halmashauri ya Kijiji cha Sallowcombe.

Salamu nyingi, na pole kwa mafua. Nakuandikia nikiwa nimevaa kofia ndani ya bustani yangu mwenyewe, jambo ambalo halijapata kutokea. Unaijua bustani yangu: kivuli tupu, na kangaga za msituni, mimea isiyopenda jua, zinazobaki kijani hata theluji ikizifunika. Jumamosi tunawafungulia wageni bustani zetu kwa chai na keki, nami naelekea kuaibika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jua linaingia kwangu bila hodi. Linafika asubuhi, linakaa kutwa. Heri hata shangazi wa mjini, yeye huaga.

2. Aliyelifungulia mlango ni jirani yangu Bwana Yelland, yule mgane. Amepanda ngazi akaupogoa mwaloni wake mpaka umebaki kigogo. Namuuliza, "Kulikoni, jirani?" Ananijibu huku anacheka, "Si ulisema mwenyewe, Bibi Luscombe? Ulisema inasikitisha hatuonani kwa sababu ya huu mti!" Jamani! Nilisema kwa adabu tu, kama mtu anavyosifu keki iliyoungua. Tangu lini mtu wa kijiji hiki akatenda alichoambiwa kwa adabu?

3. Kangaga zinaungua. Ile kubwa aliyoniachia marehemu mama imejikunja ncha zote, imekuwa rangi ya chai. Nimelia, Mheshimiwa, sikufichi.

4. Sasa hata mimi naonekana. Jana nilikuwa namwagilia maji nikiwa na gauni la kulalia, Bwana Yelland akanipungia mkono. Nikampungia. Unaona tunakoelekea?

Kwa hiyo naomba halmashauri ipige marufuku jua upande wetu hadi mwaloni uchipue. Likikaidi, wajumbe wote, wanene wakiwa mbele, waje wasimame upande wa kusini wa bustani na miavuli. Chai juu yangu.

Wasalimie wote nyumbani, na yule bata wako anayeng'ata.

Wako mtiifu, ingawa nimebabuka pua,
Hepzibah Luscombe

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha, Bwana Yelland akabisha hodi na mwavuli wa marehemu mkewe. Tangu mchana amesimama kando ya kangaga ya mama, anaitilia kivuli na kuimba vibaya mno. Anasema, "Siondoki hapa mpaka mwaloni uchipue." Nasikia mialoni huchukua miaka. Tafadhali sana, Mheshimiwa, jua msiliguse.