Baskeli Inayokula Mashimo

Mzungu mmoja alileta Unguja baskeli ya milimani. Nakuombeni mlisome tena hilo, ya milimani, halafu mniambie huku kwetu mlima uko wapi. Alishuka nayo melini kutoka Dar, akazunguka kisiwa siku tisa akiutafuta mlima huo, asiuone, akaamua kurudi kwao. Uwanja wa ndege akaambiwa betri kubwa ya baskeli hiyo hairuhusiwi kupanda ndege. Akabembeleza, akagomba, akawa mwekundu. Ndege haimsubiri mtu kwa sababu kawa mwekundu.

Aliyembebea mabegi siku ile ni Mudrik wa Kajificheni, papasi wa Mji Mkongwe, kazi yake kuwaongoza wageni kwenye maduka ambayo yeye ana fungu lake. Ulimi wa Mudrik ulipakwa samli tangu tumboni kwa mama'ke. Alimpa Mzungu pole, akamshika bega, akamwambia betri hizi huripuka, lazima apatikane mtu wa kwenda kuizika mbali na watu, na yeye yuko tayari kujitolea roho yake. Mzungu akatokwa na machozi. Akamwachia baskeli, betri, chaja, na kofia ngumu juu yake, kisha akampa bakshishi kwa ushujaa.

Na baskeli yenyewe, tuseme haki, ilikuwa kitu. Springi mbele, springi nyuma chini ya kiti, matairi manene yenye meno, betri imejificha ndani ya bomba la chini. Ukikanyaga pedeli kidogo tu, inakusukuma yenyewe. Mudrik aliipanda kutoka uwanja wa ndege mpaka Mnazi Mmoja akiyapitia mashimo yote kwa makusudi, na makalio yake hayakupata habari.

Mtu mwengine angeiuza, akala, basi. Lakini kuuza kitu mara moja, kwa Mudrik, ni biashara ya washamba. Pale Mnazi Mmoja akaegesha, akaibonya springi ya nyuma kwa kiganja. Ikashuka, ikapanda, na fikra ikapanda nayo. Siku ile ile akakitia gundi kifuniko cha mpira kinachoziba tundu la kuchajia, juu yake akabandika karatasi nyekundu yenye fuvu la kichwa. Chaja akaitia ndani ya kopo la biskuti, na kopo akalisukuma chini ya kitanda.

Wa mwanzo alikuwa Msabah wa Mpendae, muuza vyombo vya plastiki, bahili ambaye akiteremka kilima na Vespa yake huizima ili petroli ipumzike. Mtu kama huyo humtafuti, unamwekea kitu mbele ya duka tu.

"Inakwenda kwa nini hii?" akauliza Msabah.

"Kwa mashimo, sheikh."

"Kwa nini?"

"Kwa mashimo. Unaziona springi hizi? Wenzetu walikaa wakafikiri, wakasema lile tikisiko la njiani linapotea bure. Sasa springi ikibonyea inazungusha dinamo, dinamo inatia umeme kwenye betri. Lakini masikini, kwao barabara zimenyooka, haiwafai kitu. Ndio ukaona wameileta huku."

Msabah akaitazama njia inayopita mbele ya duka lake, njia ambayo miaka kumi na tano alikuwa akiitukana asubuhi na jioni. Uso ukamlainika.

"Kwa hivyo hapa kwetu…"

"Hapa kwetu, sheikh, wewe una kisima cha mafuta mlangoni."

Akampandisha aijaribu. Kwanza akampitisha pale njia inapopanda, kwa mwendo wa kasi, na taa za kipimo cha betri zikashuka kutoka tatu zikabaki mbili. Kisha akamtumbukiza kwenye shimo, akamwambia asimame. Baskeli ilipotulia, taa ya tatu ikawaka tena. Betri zote ndivyo zilivyo, ukiacha kuzikamua hurudisha pumzi kidogo, lakini Msabah hakuwa na haja ya elimu. Alikwisha kuiona taa.

"Wallahi imeingia!" akapiga ukelele.

"Nshakwambia. Ila kitu kimoja, sheikh. Lami ni sumu yake."

Msabah akalipa bei ya kununulia Vespa kuukuu mbili. Siku mbili zile watu wa Mpendae walimwona mtu mzima, mwenye wake wawili na duka, akizunguka ndani ya shimo moja mbele ya mlango wake, anaingia, anatoka, anaingia, anatabasamu peke yake. Jirani mmoja akaenda kumshauri mkewe mkubwa atafute mganga. Siku ya tatu akaondoka kwenda shambani kwake Chwaka, na alipopita Dunga baskeli ikafa. Ikifa, jamani, ile si baskeli tena, ni mzigo wa chuma wenye pedeli. Aliisukuma mpaka kanzu ikamganda mgongoni, kisha akapiga simu.

Mudrik akafika na gari ya kukodi na uso wa msibani.

"Umepita kwenye lami?"

"Nitafikaje Chwaka bila ya lami, we Mudrik?"

"Basi. Umeinyima chakula. Dinamo imekauka." Akatikisa kichwa. "Mpeleke fundi, labda. Lakini jioni habari itafika barazani, Msabah kaua baskeli ya mashimo."

Hapo ndipo ulipokuwa mtaji wa Mudrik. Springi zilikuwa pambo tu. Mtu wa mjini yuko radhi apoteze mali yake yote, lakini kuchekwa barazani na watu wanaokunywa kahawa, hapana, bora kaburi. Msabah akairudisha baskeli kwa robo ya alichotoa, akashukuru, na akamwapisha Mudrik asimwambie mtu. Baada ya wiki mbili ilimpitia Kheir, Mtumbatu mwenye kuuza dagaa, naye akashukuru, naye akamwapisha. Mudrik akajinunulia Vespa mpya nyekundu. Walioliwa pesa zao walikutana naye njiani wakamsalimia kwa heshima.

Kisha, kwa tamaa ile ile, akamuuzia Bi Mwanakheri.

Bi Mwanakheri alikuwa mjane wa Michenzani, ghorofa ya nne, anapika vitumbua na mikate ya kumimina, na kila asubuhi anaipeleka mwenyewe kwenye maduka ya Mpendae, kwa miguu, na magoti yake yalikwisha kumtangazia kwamba mwaka huu ndio mwisho. Kijana wa duka moja alikwisha kumwambia: ukichelewa tena, Bi Mwanakheri, nitachukua mikate ya mashine. Bi Mwanakheri mwenyewe ni mtoto wa Chwaka, baskeli aliipanda tangu mdogo. Alipomsikia Mudrik akisifia mashimo, akahesabu mashimo ya Michenzani mpaka Mpendae, akasema Mungu kamjaalia. Akauza bangili mbili za dhahabu za marehemu mama yake. Hakuwa na kitu chengine cha kuuza.

Siku nne akapita mjini na buibui lake na kapu la vitumbua nyuma, kofia ngumu ya Mzungu juu ya ushungi, na vitumbua vikafika vya moto. Siku ya tano baskeli ikafa.

Mudrik akapanda ngazi zote nne na uso wa msibani.

"Pole sana, Bi Mwanakheri. Dinamo imekauka. Nnaweza kukusaidia, nikuondoshee mzigo kwa robo…"

"Siuzi."

"Wajua watu watasema…"

"Waseme. Mie nimeliwa, mwanangu. Nshawaambia wote pale chini, mpaka muuza maji. Nnataka baskeli yangu iende."

Mudrik akashuka ngazi bila ya kujua miguu inakanyaga wapi. Tangu aanze kazi hii hakuwahi kukutana na mtu asiyeona haya ya kuliwa. Ugonjwa gani huo?

Na mwanamke alipokwisha kusema hadharani, wengine wakapata ulimi. Msabah akaja, kichwa chini, akasimulia. Kheir akaja naye. Bi Mwanakheri akamwita Abdulwahid, fundi wa redio na simu, naye akalibandua lile fuvu la kichwa kwa bisibisi, akang'oa gundi, akaliona tundu.

"Hii haili mashimo, mama. Hii inakula umeme wa ukutani kama friji. Inataka chaja yake, na chaja ya namna hii kisiwa kizima hamna."

"Ipo moja, kwa Mudrik," akasema Bi Mwanakheri.

"Twende polisi," akasema Msabah.

"Atasema Mzungu hakumpa chaja, na mpaka kesi iishe mimi nshapoteza maduka yote. Niachieni mie."

Jumatano akapita Kajificheni, akamkuta Mudrik barazani.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba, mwanangu. Ijumaa baada ya alasiri nna kisomo nyumbani. Uje. Msabah na Kheir wanakuja, na sheha wa mtaa pia."

Mzee mmoja akakiweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Kisomo cha nini?" akauliza Mudrik.

"Cha kheri, inshallah."

"Kheri ya nani?"

"Ya mwenye haki," akasema, akaenda zake.

Hapa nieleze, kwa faida ya msomaji aliyekulia mbali. Huku kwetu mtu aliyedhulumiwa akichoka, huita watu wakasoma Halbadiri, na aliyemdhulumu, kama hajarudisha haki ya mtu, tumbo humvimba. Ndivyo isemwavyo, na Mudrik, aliyewadanganya Wazungu, Waarabu na maafisa wa forodha, alikuwa akiiogopa Halbadiri tangu skuli ya msingi. Sasa angalieni vizuri: hakuna aliyeitaja. Si Bi Mwanakheri, si mzee wa kahawa, si mimi. Umeitaja moyo wake mwenyewe.

Alhamisi asubuhi ikaletwa bakuli kubwa la mbaazi za nazi na maandazi, kutoka kwa Bi Mwanakheri, sadaka tu kabla ya kisomo. Mudrik kidogo akatae. Lakini mbaazi zilikuwa nzito, nazi imekolea, na juu ya yote zilikuwa bure. Akalikomba bakuli kwa kidole. Mchana likaja la pili. Ijumaa asubuhi likaja la tatu, na maandazi yameongezwa.

Aliporudi kutoka sala ya Ijumaa kifungo cha suruali kikakataa. Akajaribu tena, kikakataa. Akasimama mbele ya kioo, akajitazama kwa ubavu. Akalibonya tumbo kwa kidole, likanguruma.

"Yarabi! Na hawajaanza bado!" akasema.

Akalivuta kopo la biskuti chini ya kitanda.

Michenzani ukumbi ulikuwa umetandikwa mikeka, ubani unafuka, wanaume wamekaa, wanawake wako chumbani nyuma ya pazia. Sheikh alikuwa ndio kwanza anakohoa kusafisha koo, mara mlango ukafunguka akaingia Mudrik, kanzu imemkaa kama foronya ya mto mmoja iliyotiwa mito miwili, kopo mkononi, jasho linamtiririka.

"Msisome! Kwa jina la Mungu, msisome!"

Akalinyanyua kopo juu.

"Chaja hii hapa! Bi Mwanakheri, nisamehe. Springi hazitii umeme, hazijapata kutia umeme. Mimi ndiye niliyeziba tundu kwa gundi. Nimemuuzia Msabah baskeli kwa uongo, nikainunua kwa robo, nikamuuzia Kheir, nikainunua kwa robo. Msabah, Kheir, ufunguo wa Vespa huu hapa, kauzeni mgawane. Bangili za Bi Mwanakheri bado zipo kwa sonara Mkunazini, nitazikomboa mimi kesho. Nisameheni kwa moyo safi, tumbo linapasuka!"

"Andika hayo," sheha akamwambia Abdulwahid, "na tarehe." Mudrik akatia sahihi bila ya kusoma, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa akiishi kwa watu wasiosoma.

Msabah akaugeuza ufunguo wa Vespa mkononi. "Ina petroli?" akauliza.

Abdulwahid akachomeka chaja ukutani, upande wa pili kwenye baskeli iliyoegemezwa pembeni. Taa moja ikawaka, kijani. Nyuma ya pazia vigelegele vikapigwa. Bi Mwanakheri akatokeza, machozi yanamlengalenga, akaiwekea baskeli mkono juu ya kiti kama mtu aliyerudishiwa mtoto.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema.

Na papo hapo, kwa hofu ilivyomtoka au kwa zile ngazi nne, upepo mrefu ukamtoka Mudrik, tumbo likateremka, na kanzu ikamlegea. Watu wakaangalia dari. Sheikh akaanza kusoma kwa sauti nzuri, na Mudrik, aliyekaa pembeni ya mlango, akasikiliza. Akasikiliza tena. Si Halbadiri ile. Ilikuwa dua ya shukrani.

Ilipokwisha, kahawa na halua zikapita, akanyanyuka taratibu mpaka kwenye pazia.

"Bi Mwanakheri. Kumbe kisomo hiki cha nini?"

"Cha kushukuru. Nimepata chaja."

"Umeipata sasa hivi! Watu umewaalika tangu Jumatano!"

"Nilikuwa na yakini," akasema Bi Mwanakheri. "Na tumbo likoje?"

"Limepungua, alhamdulillahi."

"Ndio mbaazi zilivyo. Mtu hali mabakuli matatu, mwanangu."

Mudrik akayahesabu mabakuli kwa vidole. Akageuka aende zake, kwa miguu, mpaka Mji Mkongwe. Bi Mwanakheri akamfuata mlangoni na bakuli lililofunikwa sahani.

"Zimebakia. Za njiani."

Akalitazama lile bakuli. Akajua mna mbaazi, na akajua zitamfanya nini.

Akalipokea. Zilikuwa za bure.