Matanga ya Gari Jekundu

Leo nimeadhirika. Sikuanguka, sikuchanika suruali, sikuibiwa. Nimeadhirika nikiwa nimechana nywele na kuvaa tai, mbele ya uwanja mzima wa maonyesho, Wazungu, Wahindi na Waluguru wenzangu, na hata mbuzi wa mashindano waliokuwa wamefungwa pale waliacha kutafuna wakanitazama.

Ndugu zangu wa Ngerengere, nawaandikia upesi kabla treni ya jioni haijapita. Nataka mlisikie kutoka kwangu. Mnamjua Maganga, yule mtani wangu Mnyamwezi anayepakia mizigo hapa stesheni Morogoro. Kila treni inayosimama hapa inaondoka na uongo wake. Nisipowahi mimi, kesho mtaambiwa nililia. Sikulia. (Wala sijakasirika. Tuelewane hapo mapema.)

Mnajua naposa. Felista, binti wa Mgeta, yule anayesimamia meza ya mboga za misheni. Baba yake hana neno, mama yake ananipenda. Lakini kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, na mjomba wake ni Mzee Kobelo, mtu ambaye ukimsalimia anakupima kwanza kama anapima gunia la mbaazi. Alileta ujumbe mmoja tu: "Huyo Aloisi simjui. Siku ya maonyesho nitashuka nimtazame mwenyewe, halafu nitasema." Kwa hiyo leo ilikuwa siku ya mke. Wazo la gari lilikuja baadaye.

Sasa nyinyi niambieni. Mtu anakwenda kutazamwa, aende na nini? Baiskeli?

Biashara ya kabichi ilikuwa imenikalia vizuri mwaka huu. Nikaenda gereji ya Singasinga, nyuma ya soko, ambako kulikuwa na magari matatu ya kuuzwa. Moja lilikuwa pikapu ya kijani, imesimama juu, bodi ya mbao. La pili lilikuwa jeusi, refu, la kubebea majaji na maiti. La tatu lilikuwa la Mgiriki mmoja wa mashamba ya katani aliyekuwa anarudi kwao. Jamani! Jekundu. Viti viwili, vya ngozi. Wazi juu. Taa mbili kubwa mbele, na bomba la moshi ambalo likilia, kuku wa mtaa mzima wanapanda juu ya mapaa.

Maganga alikuwapo. Sikumwita. (Maganga haitwi, anatokea.)

"Mtani, chukua pikapu," akasema.

"Niiwekee nini?"

"Kabichi."

"Kabichi zina lori la kukodi, siku za kazi. Mimi nataka gari la Jumamosi na Jumapili. La kutembelea, na la kuonyesha uwanjani."

Maganga akalala chini, akachungulia uvungu wa lile jekundu. "Mtani, hili halipandi mlima. Tumbo lake linafagia. Na mjomba mtu akija na mkewe, mke atakaa wapi?"

"Mke hakualikwa! Na sikiliza, wewe Mnyamwezi: gari la Jumapili halibebi kabichi!"

Nilisema kwa sauti, ili Singasinga naye asikie. Laiti ningefunga mdomo. Nikalijaribu kwenye barabara ile iliyonyooka ya kwenda Dakawa. Nilikanyaga mafuta, kofia yangu ikaruka, na sikurudi kuitafuta. Nani anarudi kutafuta kofia akiwa ndani ya gari kama lile? Jioni likawa langu. Pikapu akaichukua mwenye mashine ya kukoboa mpunga wa Turiani. Nilimwonea huruma.

Basi leo asubuhi nikalisugua mpaka nikajiona meno kwenye mlango wake. Nikaenda kumpokea Mzee Kobelo Mlali, alikoteremkia kwa miguu kutoka milimani. Nilimkuta amekaa juu ya gogo, koti jeusi, kofia ya pama, mkongojo katikati ya magoti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hilo ndilo gari?"

"Ndilo, Mzee."

"Lingine limebaki wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamsaidia kuingia, na kuingia kwake kulikuwa kuteremka. Alitafuta kiti kwa makalio kama mtu anayetafuta maji ya kisima gizani, mwishowe akakipata, na magoti yake yakaja usawa wa masikio. Nikawasha. Likanguruma. Nikamwona anashika kofia, na uso wake, wallahi, ulilainika kidogo. Nikajisemea, Aloisi, mke umepata.

Mnaijua barabara ya Mlali. Malori yamechimba pembeni, katikati pamebaki mgongo wenye majani na mawe. Pikapu inaupita bila habari. Gari langu lilipita juu yake likisugua, shwaa, shwaa, na karibu na mto likasema: KO!

"Limegonga," akasema Mzee Kobelo.

"Hapana, Mzee. Magari ya mbio ndivyo yanavyolia."

Akageuka kutazama nyuma. "Na linakojoa."

"Ni maji tu, Mzee."

"Meusi?"

Nikakanyaga mafuta ili upepo umzuie kusema. (Mngefanya nini nyinyi? Ningesimama nilale chini na tai yangu mbele ya mjomba mtu?)

Tukaingia mjini. Watu wakashangilia! Watoto wakakimbia nyuma. Uwanjani magari yalikuwa yamepangwa mstari, kila moja lipite mbele ya jukwaa, lizunguke, lisimame, na Mzungu mmoja mwenye masharubu aandike alama zake. Felista alikuwa kwenye meza yake, nyuma ya milima ya karoti. Akaniona. Akamwona mjomba wake kando yangu. Akaweka mkono kifuani. Nikapiga honi mara mbili. Haikuwa na sababu, nilipiga tu.

Zamu yangu ikafika. Mimi na Mzee Kobelo tukasogea mbele, taratibu, kwa heshima zote. Tulipofika mbele ya jukwaa, mbele kabisa, si nyuma kidogo wala si baada ya kupita, injini ikatoa sauti kama sufuria limeanguka jikoni. Moshi ukatoka. Moshi mweupe, kisha mweusi. Kisha kimya.

Nikawasha. Kimya. Nikawasha tena. Gari likakohoa mara moja na kutulia.

Na hapo, kutoka upande wa waliopanda juu ya magunia, nikasikia sauti ninayoijua.

"Uuuuwi! Uuuuwi! Kijana wa watu!"

Maganga. Anakuja mbio, mikono kichwani, kofia ya kazi imegeuzwa nyuma. Na nyuma yake wapakiaji wenzake, Wanyamwezi watupu, wote watani zangu, wote wanalia.

Nyinyi mnaujua utani. Mluguru akifiwa, mtani wake Mnyamwezi anaruhusiwa mambo ambayo mwingine akifanya atapigwa. Atamwigiza marehemu, atalala kaburini, atazuia jeneza mpaka apewe chake, na mfiwa haruhusiwi kununa. Hiyo ni desturi, naiheshimu, mimi mwenyewe niliwahi kulala juu ya jeneza la Mnyamwezi. Lakini la mtu! Nani amewahi kusikia matanga ya gari?

Maganga alikwenda kwenye kibanda cha mahindi akavuta shuka lililotandikwa chini ya mahindi ya mashindano. Akalifunika gari langu usoni, taa zote mbili. Kisha akajitupa chini mbele ya matairi.

"Hapiti mtu! Sizikwi bila changu!" Halafu akabadili sauti, akawa mimi, pua juu: "Gari la Jumapili halibebi kabichi! Pikapu niiwekee nini? Kabichi zina lori!"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Wengine wakaja kunishika mkono. "Pole sana kwa msiba." "Pole, Aloisi, alikuwa bado kijana." "Ameacha watoto?" "Hata baiskeli hakuacha!" Yule Mzungu wa masharubu akamwuliza mkalimani wake kuna nini. Sijui mkalimani alimweleza nini, lakini Mzungu alisimama, akavua kofia, akaiweka kifuani. Na wageni wote jukwaani, mmoja mmoja, wakavua kofia zao.

Haya. Na Mzee Kobelo je? Mzee Kobelo yumo ndani! Hawezi kutoka, gari ni la chini mno, magoti yako masikioni. Wapakiaji wakaanza kulisukuma gari kuzunguka uwanja, polepole, mwendo wa jeneza, wakiimba wimbo wa maziko wa kwao, na mjomba wa mchumba wangu ameketi ndani yake, kofia ya pama kichwani, mkongojo mkononi. Mimi natembea nyuma kama mfiwa. Nilitembea nyuma kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kutembea. Mbele yangu, kwenye majani, mstari mweusi wa oili.

Tulipopita kwenye meza ya mboga, Felista alikuwa ameinama. Nikadhani analia kwa ajili yangu. Alikuwa anacheka, ameshikilia karoti asianguke.

Ningevumilia. Naapa ningevumilia. Lakini tuliporudi mbele ya jukwaa, Maganga alipanda juu ya boneti, kwa viatu vya stesheni vyenye misumari, juu ya rangi ile nyekundu niliyoisugua tangu alfajiri. Nikasikia krrr. Nikaona mkwaruzo.

"Shuka hapo, mshenzi wewe!" nikapiga kelele. "Mbwa! Shuka nikuvunje shingo!"

Wimbo ukakatika. Wapakiaji wakaachia gari. Watu waliokuwa wanacheka wakatazama chini. Maganga akashuka taratibu, akajifuta suruali, akasimama pembeni wala hakunitazama. Hapo ndipo nilipoadhirika hasa. Gari kufa ni mkosi. Kumtukana mtani msibani, mbele ya watu wote waliokuja kukutazama, ni kujivua nguo.

"Nitoeni," sauti ikatoka ndani ya gari.

Wanyamwezi wawili wakamshika Mzee Kobelo makwapani, wakamng'oa kama muhogo. Akanyoosha magoti, moja moja. Akavaa vizuri kofia yake. Akanipima.

"Umesema nini, kijana?"

"Mzee, amekwaruza..."

"Sikuuliza kuhusu bati. Huyu ni mtani wako?"

"Ndiyo, Mzee."

"Amekulilia?"

"Amelilia gari, Mzee!"

"Amekulilia msiba, na wewe unamwita mbwa. Kwetu Mgeta ungelipa mbuzi. Hapa mjini, basi, jogoo. Omba radhi."

Nikatazama upande wa karoti. Felista hakuwa anacheka tena. Alinifanyia ishara kwa kidevu: fanya. Basi nikaenda, mimi na tai yangu, nikamshika Maganga mkono.

"Mtani, nisamehe."

"Nani amekufa?" akauliza, uso mkavu.

"Usinichokoze."

"Sijasikia jina la marehemu."

"Gari langu, Maganga. Gari langu limekufa."

"Pole, mtani wangu," akasema, akanikumbatia, na uwanja mzima ukashangilia kuliko walivyoshangilia gari likiwa hai. (Sikulia. Moshi uliniingia machoni.)

Utepe wa kwanza, ili mjue dunia haina haya, ulikwenda kwa pikapu ya kijani. Mwenyewe alikuwa ameijaza magunia ya mchele mpaka juu. Na ni hiyo hiyo, na utepe wake ukipepea, iliyonikokota kwa kamba mpaka gereji. Singasinga akatazama chini ya gari, akatazama juu, akaenda kunywa chai.

Kabla hatujaachana nikajikaza. Nikamfuata Mzee Kobelo, alikuwa anatafuna karoti ya mpwa wake.

"Mzee, ulisema leo utasema."

"Nimekuona," akasema. "Unapenda vitu vya kung'aa, na hasira zako ziko karibu. Lakini umeomba radhi kabla sijamaliza kuhesabu vidole. Na lile gari lako," hapa, ndugu zangu, alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Mlali, "sijawahi kusukumwa vizuri namna ile. Nilifaidi."

"Kwa hiyo, Mzee?"

"Kwa hiyo lete mshenga Mgeta, tuzungumze mahari."

Moyo ukaruka! "Nitamtuma baba yangu mkubwa, Mzee."

"Simjui. Nimekwishachagua." Akaelekeza mkongojo kwa Maganga, aliyekuwa anakunja lile shuka la mahindi kwa adabu kubwa. "Yule. Anajua kulia, anajua kusema, na hakukurudishia tusi. Akija mwingine, sifungui mlango."

Basi ndivyo nilivyopata mke. Jumapili ijayo napanda Mgeta kwa miguu, nimebeba jogoo wa faini, na mbele yangu anatembea Maganga, mshenga wangu, ambaye tangu alasiri ananiita "mwanangu". Ameshasema atakapofika mlangoni ataanza habari tangu gereji, na kwamba sauti yangu anaiweza vizuri sana.

Naombeni msicheke. Na mkishindwa, chekeni polepole, maana barua hii naipeleka stesheni sasa hivi na anayeipakia ni yeye, na ameniambia nisiitie gundi bahasha, eti mshenga hafichwi kitu.