Neno Lililosusa Kiplombe

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, nawe uliyeshika kikombe cha chai ukidhani hakitapoa! Zimeni redio, mfungeni mbwa, kwa maana nawasimulia tendo ambalo halijapata kutendeka tangu Eldoret ipakwe lami: jinsi Eliakim mwana wa Omollo, Simba wa mtaa wa Pioneer, Mpiga Kibodi kwa Kishindo, alivyopotelewa na neno moja asubuhi na kulirejesha kabla maziwa hayajaganda. Wako watakaosema ni jambo dogo. Hao wakae nyuma.

Huyu Eliakim alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta. Yeye na mwenzake, Selpha binti Mulongo, walikuwa wameanzisha kampuni yenye watu wawili na mteja mmoja, naye mteja huyo ni chama cha wafugaji wa Kiplombe, ambacho mizani yake ya maziwa iliendeshwa na programu yao. Sasa jueni kwamba kila fundi wa kazi hiyo ana ghala lake la silaha: mafaili madogo ambayo majina yake huanza kwa nukta, na kwa sababu ya nukta hiyo kompyuta huyaficha machoni pa watu. Humo fundi huandika maneno mafupi ya kuamrisha mambo marefu. Eliakim aliyatunza yake miaka mingi, akiyapalilia kama mtu na sukuma wiki zake. Neno kuu kupita yote lilikuwa "shusha". Akiliandika kwenye lile dirisha jeusi, majina ya wafugaji wote hushuka kutoka mtandaoni hadi kwenye mizani. Nyuma ya neno hilo ilijificha amri ndefu kama treni ya mizigo, ambayo mwenyewe alikuwa ameshaisahau.

Ikaja siku ya laptopu mpya. Shujaa akahamisha kila kitu kwa flashi, akaifuta ya zamani ikabaki tupu, akaikabidhi kwaya ya kanisa lao kwa hotuba iliyochosha hata wapiga kinanda. Ole wake! Vilivyoonekana vilihama vyote, ila mafaili ya nukta yalibaki yamejificha mpaka yakafutwa pamoja na vumbi. Jemadari alihamisha jeshi zima akawasahau walinzi wake, wala hakujua.

Kesho yake stima ikapotea Kiplombe, ikarudi, na mizani ikasahau kila mtu. Eliakim alipofika juu ya pikipiki alikuta foleni ya mitungi imetoka hadi barabarani. Mbele ya mitungi alisimama Mama Jepkemboi, mwenyekiti wa chama, Ngome ya Wafugaji, amevaa koti zito na uso mzito kuliko koti.

"Eliakim," akanena, na watu wa boda walioleta mitungi kwa pikipiki wakasogea kusikia, "mimi nilisimama kwa mkutano nikaambia wazee, tuwache kalamu, hawa vijana wanajua kazi. Sasa ona. Maziwa haiwezi kungoja mtu. Lori ikifika kabla hiyo kitu yako haijaamka, tunarudi kwa kalamu, na wewe na huyo msichana mtafute watu wengine."

"Mama," akajibu shujaa, mkono kifuani, "kabla hujamaliza kufunga hiyo koti, wakulima wako wote watakuwa ndani ya mizani!"

Akaifunua laptopu kama achomoaye upanga, akapiga "shusha". Mashine ikajibu kwamba neno hilo hailijui. Akapiga tena, safari hii kwa nguvu, kana kwamba mashine ni kiziwi. Ikakana mara ya pili. Akaenda kutazama ghala lake la nukta, akalikuta jeupe. Aliogopa, tusifichane, aliogopa kabisa.

Akampigia Selpha, Mwenye Kumbukumbu Isiyofutika, ambaye siku hiyo alikuwa Timboroa akifunga mizani ya majaribio, huko ambako ukungu humeza mtandao. Simu ya shujaa ilikuwa imekufa spika ya sikioni, kwa hiyo kila mazungumzo yake ni ya hadhara.

"Selpha! File zangu za nukta zimepotea zote! Nitumie zako, zile ulitoa kwangu mwaka jana!"

Zikaja, taratibu, zikijikokota kutoka mlimani. Eliakim akazipachika mahali pake, akapiga "shusha". Mashine ikakataa. Akalitafuta neno hilo katika faili lote tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, asilione.

"Selpha, umeniua! Hiyo ya kuleta majina haiko!"

"Susa!" sauti ikakwaruza.

"Ndiyo, imesusa! Ndio nakuambia!"

"Hapana, susa! Andika susa!"

"Selpha, kompyuta imegoma, lori inakuja, na wewe unanitania?"

"Haki ya Mungu, Eliakim, sikutanii! Ulinisomea amri zote kwa simu, moja moja, kama mfalme na karani wake. Ulisema susa, nikaandika susa. Nikafikiria ni kitu ya kwenu. Wewe andika tu vile unasemanga!"

Hapa, wasikilizaji, yanipasa kufunua siri ya shujaa. Ulimi wake ulizaliwa kando ya ziwa, mahali ambapo sauti ya "sh" haijawahi kupewa kiwanja. Shuleni walimwambia kila siku aseme "shati la shule", na alipotoa "sati la sule", darasa zima lilianguka chini ya madawati. Tangu hapo aliikwepa sauti hiyo kama mdai. Alifanya kazi na wafugaji wa Kiplombe miezi na miezi bila kutamka neno "shamba". Alisema "kule kwa wakulima". Katika kibodi peke yake ndiko alikokuwa huru, kwa maana vidole havina lafudhi, na ndiyo sababu neno lake kuu alilipa "sh" mbili kwa makusudi, kwa kiburi, kama mtu avaaye medali mbili. Kumbe Selpha alikuwa ameziandika kama zilivyomfikia.

"Na wewe," akafoka, masikio yakimwaka moto, "wewe unayeita Bungoma Pungoma!"

"Pungoma ni kwetu, nitaiita vile nataka. Andika!"

Lori likapiga honi barabarani. Watu wa boda walikuwa wamejaa mlangoni, wote wamesikia, wengine wameshaanza kuziba midomo. Eliakim akaiona shule nzima imesimama pale na makoti ya mvua. Akavuta pumzi, akaandika herufi nne za aibu yake: s, u, s, a.

Mashine ikatii! Majina yakateremka kama mvua ya Aprili, na mizani ikalia mlio wake mtamu. Mtungi wa kwanza, wa Mzee Kipkemboi, ukapanda na kutambuliwa.

"Na hiyo neno umeandika ni gani?" akauliza Mama Jepkemboi.

Angeweza kusema ni mambo ya kompyuta. Shujaa akasimama wima.

"Susa, Mama."

Mtu mmoja wa boda akapasuka kicheko. Mama Jepkemboi akamgeukia. "Unacheka nini? Hiyo imesusa na inafanya kazi. Wewe hujasusa na umekaa tu. Beba mtungi!"

Lori lilipokwisha kujaa, Eliakim akayaweka mafaili ya nukta mahali pawili salama. Akafika kwenye mstari wa lile neno. Kulisahihisha ni herufi mbili tu, na kidole kilikuwa tayari. Akakiondoa, akaliacha vile vile.

"Kijana," Mzee Kipkemboi akasema, "kuja siku moja uone mizani yangu ya nyumbani, inadanganya."

"Jumamosi, Mzee. Nitakuja huko samba kwako."

"Kuja mapema," akasema Mzee, "kuna mursik, maziwa imelala kwa kibuyu."

Naam! Hivyo ndivyo neno lilivyorejea Kiplombe, na Eliakim mwana wa Omollo akateremka kuelekea Pioneer juu ya boda, kifua mbele, akimsimulia mwendeshaji habari za mashine, mashamba na mashujaa, zote kwa ule ulimi wake wa ziwani. Mji huu, unaojenga sanamu za wakimbiaji, umjengee na yeye ya kwake. Waandike juu yake herufi zile nne. Ila wasitangulize nukta, neno lisije likapotea tena.