Habari za Goodness Binti Lwitiko, Aliyeketi Mataifa Mawili Yakiwa Yamesimama

Tegeni masikio, enyi wana wa Tunduma mliozaliwa mkisikia honi za malori kabla ya kusikia jogoo. Nanyi wa Mbozi mnaopalilia kahawa huko Itaka na Isansa, laleni na majembe yenu hapo hapo shambani mkipenda, ila msikilize. Nanyi wa Ibaba, teremkeni na makoti yenu mazito. Zimeni redio. Mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe. Ninawaletea habari ya vita kuu iliyopiganwa Jumamosi moja ndani ya ukumbi wa sherehe, hatua chache kutoka mpaka wa Zambia, vita ambayo haikumwaga damu bali ilipoza wali, na kwa mtu aliyeshinda njaa tangu asubuhi hayo ni maafa yaliyo makubwa zaidi. Wengine watawasimulia vita za wafalme. Mimi huko sikuwapo. Hapa nilikuwapo, nimesimama nyuma ya meza ya tatu, na tumbo langu ni shahidi.

Ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga Goodness binti Lwitiko, msusi mashuhuri, mtiisha vichwa, ambaye vidole vyake vililainisha nywele ambazo vitana vya chuma vilizikimbia. Alikuwa anaolewa na Gibson wa Nakonde, ng'ambo ya pili, kijana mrefu mwenye aibu, fundi wa majokofu. Walipendana hawa, na nalisema wazi ili asije mtu akadhani natania kila kitu. Gibson alikuwa akivuka kumletea samaki wa kukaanga saluni, naye Goodness alikuwa akiacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa ili akamsindikize hadi getini. Wateja walilalamika sana.

Basi kadi za mwaliko zilisema saa nane mchana. Nasi wa upande huu tukafika saa nane. Wakwe nao wakafika saa nane, kwa saa zao, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima. Kwa hiyo walipoingia wakicheza na vigelegele, sisi tulikuwa tumekwisha kusoma kadi mara nyingi na kuanza kuyaangalia maua ya mezani kwa jicho baya. Watu wa Tunduma tunalijua jambo hilo la saa tangu tuko matumboni mwa mama zetu, na kila harusi tunalisahau.

Hapo ndipo aliposimama Danford, Danford Mwenye Kipaza Sauti, Ngao ya Mpaka, kaka mkubwa wa Lwitiko, mwenyekiti wa kamati na mtarajiwa wa udiwani, amevaa suti yenye kibendera kidogo kifuani. Huyu ndiye mzalendo wetu. Hakuna anayeupenda mpaka kama yeye, ingawa sukari ya dukani kwake haijawahi kuuona, maana hupita njia za panya. Akakipiga kofi kile kipaza sauti, kikalia, akanena:

"Ndugu wageni, ndugu wenyeji, na ninyi mlioketi hapo nje kwenye mahema. Ndoa hii si ndoa ya kawaida. Ni ndoa ya kimataifa. Haiwezekani tukaanza kula kama watu wasio na nchi. Naomba tusimame wima, mikono ubavuni, tuimbe Wimbo wa Taifa."

Tukasimama. Laiti ningejua, ningemeza karanga moja kabla.

Dennis wa kinanda, kijana wa kwaya, akaishusha ile sauti, na ukumbi mzima ukaipokea kwa nguvu. Sasa, kwa ajili ya wale wa mbali, sharti nieleze: sisi na Zambia tuna sauti ile ile. Nota kwa nota. Maneno tu ndiyo yanatofautiana. Aliyeitunga hakuwa wa Tunduma wala wa Nakonde, alikaa mbali sana kusini, na sidhani kama alituwazia sisi alipokuwa anaitunga. Kwa hiyo upande wa kulia wakaimba yao, upande wa kushoto yao, na katikati, pale zilipokaa meza za ndugu walioolewa huku na kule, nikasikia maneno ambayo hayamo katika wimbo wa nchi yoyote duniani. Ulipofika ubeti wa pili, majeshi yote mawili yakapungukiwa. Midomo ikaendelea kucheza, sauti ikayeyuka. Danford mwenyewe alishikwa na kikohozi kirefu, akapona neno la mwisho lilipofika.

Wimbo ukaisha. Tungeketi, ingekuwa imekwisha. Lakini akasimama Amoni, mjomba wa bwana harusi, Amoni Mwenye Koti la Mistari, Simba wa Nakonde, wakala wa forodha, ambaye kwa upande wao ndiye msemaji wa ukoo. Akasema kwa heshima zote:

"Natotela mukwai. Tunashukuru sana wakwe zetu kwa kutuheshimu, mkapiga wimbo wetu kwanza. Sasa pigeni na wenu."

Uso wa Danford ukabadilika. "Mkwe," akasema, "huo ulikuwa wetu."

"Awe mukwai, hapana. Haiwezekani. Mimi nimeuimba wote tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu anawezaje kuuimba wote wimbo usio wake?"

"Ulisikia maneno yetu?"

"Nilisikia yangu."

Ndivyo vita ilivyoanza, ndugu zangu, na mimi nikaangalia mlango wa jikoni kwa huzuni.

Dennis akaamriwa apige tena, safari hii wa Tanzania peke yake, wageni wakae kimya. Wakakaa kimya, ila mabibi wawili wa Nakonde walijisahau wakaitikia. Danford akataka urudiwe. Ukarudiwa. Kisha ikawa zamu ya wa Zambia, nasi tukaambiwa tufunge midomo. Lakini vijana wetu, waliokaririshwa sauti ile tangu darasa la kwanza kwa kiboko cha mwalimu wa zamu, midomo iliwatoroka. Amoni akainua mkono, akatangaza kwamba taifa lake limefunikwa, naye hatakubali. Ukarudiwa huo nao. Jasho lilimtoka Dennis mpaka puani. Kila mara alicheza kitu kile kile, na kila mara watu wazima walisikiliza kwa makini wapate kujua huu ni wa nani.

Zilipokwisha zamu zote, likaja jambo lililo baya kuliko yote: hakuna aliyeketi. Danford alisema mgeni ndiye hukaa kwanza, maana amechoka na safari. Amoni akajibu kwamba amesafiri dakika kumi, hajachoka hata kidogo, na kwamba taifa lililokaa kwanza limeonyesha kuwa wimbo wa mwenzake umeliumiza miguu. Danford akajibu kwamba yeye anaweza kusimama hadi Jumatatu. Wakatazamana. Meza kwa meza watu wakakaza magoti. Mama mmoja nyuma yangu alivua kiatu kimoja akasimamia cha pili, akanong'ona kwamba hata ibada ya Ijumaa Kuu humruhusu mtu kukaa. Wali ulikuwa kwenye mabeseni, umefunikwa, na mvuke ulikuwa umekwisha kukoma.

Lwitiko, baba wa binti, alijaribu. Ni mtu mpole, hupima maharage sokoni na huongeza konzi moja bila kuombwa. Alisema, "Kaka, watu wale kwanza." Kaka yake akamwambia kwamba maneno hayo ndiyo yaliyopoteza mataifa. Lwitiko akaitazama sakafu.

Ndipo Danford alipopata wazo, na ninaapa sijawahi kuona wazo baya likipokelewa vizuri hivyo. Akanena: "Bibi harusi yuko hapa. Yeye ndiye anayevuka. Aje mbele aimbe peke yake. Sauti ni moja. Maneno atakayoyatia ndiyo yatatuambia ni mtu wa wapi, na upande utakaoshindwa ndio utakaoketi kwanza. Akiimba ya kwao, mimi kama baba yake mkubwa sitainua mkono wangu kumbariki, na mdogo wangu hatainua wake."

Na Amoni, aliyekuwa amekataa kila kitu tangu saa tisa, akakubali. "Sawa kabisa. Akiimba ya kwenu, basi hajaja kwetu. Tutapanda basi letu turudi, na Gibson atarudi nasi."

Gibson alifungua mdomo, mjomba wake akamtazama, akaufunga. Nesta, mama wa Goodness, alianza kulia bila sauti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikausahau wali. Maana lile lilikuwa jambo la kweli. Binti akiimba moja amempoteza mume, akiimba jingine ameipoteza baraka ya kwao, na wazee wawili wenye koti na suti walikuwa wamesimama wakisubiri kwa furaha, kila mmoja na hakika ya ushindi.

Goodness akaja mbele. Gauni lake lilikuwa la rangi ya dhahabu, na viatu vyake virefu vilimfanya atembee taratibu. Akapewa kipaza sauti. Dennis akaweka vidole kwenye kinanda.

"Subiri kidogo, Dennis," akasema. Kisha akawageukia wale wawili. "Baba mkubwa. Mjomba. Shikamooni. Naomba niseme kabla ya kuimba. Wimbo wetu niliujua nikiwa mdogo, peku, kwenye mstari wa shule. Wa kule nimeujua kwa kuusikia tu. Asubuhi wanafunzi wao wakiimba, sisi tuko uani tunafua. Nilikuwa nikifurahi kwamba tunaimba pamoja. Sikujua kumbe ni ugomvi. Keshokutwa namwacha mama yangu. Nimelia tangu juzi, hata macho haya yamepakwa dawa. Hapa hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama naogopa. Mnaniuliza maneno ya wimbo."

"Mwanangu, tunaelewa," akasema Danford. "Imba."

"Imba tu, binti," akasema Amoni.

Na sasa, enyi mnaosikiliza, acheni kutafuna, maana tumefika kwenye tendo lenyewe. Goodness aliirudisha mikrofoni mikononi mwa kijana mmoja wa kamati. Akainama, akavua kiatu cha kulia. Akavua cha kushoto. Akatembea peku hadi meza kuu, mbele ya mataifa mawili yaliyosimama wima, akavuta kiti, akaketi.

Aliketi kweli kweli, akaegemea.

Meza ile ilikuwa na sahani moja iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Kila mtu alijua ni nini. Kwetu na kwao pia, ndugu zangu, katika hilo hatujawahi kutofautiana: firigisi ni ya mwanamume mwenye heshima, na siku ya kupokea wakwe hupelekwa kwa mgeni mkubwa, na mwanamke huipika, huinusa, na kuiacha. Goodness akafunua kitambaa. Akachukua firigisi, ile kubwa, akaitia kinywani.

Sauti iliyotoka ukumbini sijui niiite nini. Mashangazi wa pande zote mbili walivuta pumzi pamoja, bila kinanda, wala hawakukosea.

"Goodness," akasema Danford. "Imba."

Naye akamwonyesha shavu lake lililovimba, kwa adabu, akaendelea kutafuna. Ilikuwa firigisi ya jogoo wa kienyeji, na anayejua kuku wa kienyeji anajua kwamba hapo si mahali pa haraka. Alitafuna upande wa kulia. Akahamishia kushoto. Hakuna sheria ya nchi yoyote inayomlazimu mtu kuimba wimbo wa taifa na chakula mdomoni, tena ingekuwa ni kuudharau.

Wa kwanza kumfuata alikuwa Gibson, yule mwenye aibu. Alipita mbele ya mjomba wake akainamisha kichwa, akaenda kuketi pembeni ya mchumba wake, naye Goodness akamsogezea sahani. Kisha mama Nesta akakaa na kupangusa macho. Kisha Lwitiko. Alikaa kwa kishindo, mtu yule mpole, akamwambia kaka yake, kwa sauti ambayo sokoni hawajawahi kuisikia, "Baraka ni yangu kutoa, na nimetoa." Basi viti vikalia ukumbi mzima, kulia na kushoto kwa pamoja, na mimi niliketi kwa haraka nisiyoionea haya.

Wakabaki wawili wamesimama. Wapakuaji walipita nao wakawaruka, maana hakuna anayemwekea sahani mtu asiye na meza mbele yake. Danford aliunusa wali. Amoni aliunusa wali. Mwishowe walisogeleana, wakaongea chini chini kama wajumbe wa amani, wakakubaliana kushuka kwa wakati mmoja. Wakaanza kushuka. Kila mmoja alimwangalia mwenzake makalio asije akadanganywa, na katikati ya safari wote wawili wakasita, wakaning'inia, hawako juu wala chini, kwa muda uliomtosha shangazi Ferista, mmoja wa wapakuaji, kupakua meza nzima. Nani aligusa kiti kwanza? Tunduma inasema Amoni. Nakonde inasema Danford. Jambo hili litabishaniwa na vizazi, na nawaonea huruma vizazi hivyo.

Nasi tukala. Wali ulikuwa wa baridi, nyama ilikuwa imeganda mafuta, na sijala chakula kitamu kama kile. Ilipofika saa ya baraka, Danford aliinuka, akakishika tena kipaza sauti, maana mtu wa namna ile hajifunzi, akasema kwa sauti iliyolegea kidogo, "Mwanangu, tumeshakula, tumeshakaa. Basi tuambie tu, kwa maneno, siyo kwa kuimba. Ukiwa kule, wimbo wako utakuwa upi?"

Waandike wenye kuandika. Wachonge wenye kuchonga. Siku ile mataifa mawili yaligeuza vichwa kumsikiliza msusi mmoja wa Tunduma, naye akawatazama wote, mama yake zaidi, akaifikia sahani yenye kitambaa cheupe, akaiona imebaki firigisi moja, akaila.